Sinema ya Mama Erasto

Projekta ilifika Tarime Jumamosi mchana, ndani ya buti la basi la Mwanza, juu ya magunia ya vitunguu. Kondakta alilishika boksi kwa mkono mmoja, akataka kulitupa chini kama alivyotupa mizigo mingine.

"Taratibu, mura!" Waisiko alimkemea. "Hicho si kitunguu."

"Ni nini, mama?"

"Ni mume wangu."

Kondakta akaliangalia boksi, akamwangalia Waisiko, kisha akalishusha kwa mikono miwili na kumkabidhi kwa heshima zote.

Waisiko hakuwa anatania sana. Mwaka ule watu wa Nyakunguru walikuwa wamechimba dhahabu mpaka uvunguni mwa vitanda vyao, na yeye alikuwa mfanyabiashara wa marudio, yaani ule mchanga ambao wachimbaji wameshausaga na kuuosha na kuuacha kama taka. Alinunua rundo moja kubwa huku vijana wa pale wakimcheka kwamba mke wa bwana mifugo sasa ananunua matope. Rundo lile lilipopelekwa kuchenjuliwa kwa dawa, likatoa dhahabu nyingi kuliko shimo lilikotoka. Wanaume waliobahatika hivyo walinunua pikipiki, ng'ombe au mke wa pili. Waisiko alitaka tu kumrudisha nyumbani mume wa kwanza.

Mume huyo, Nyamhanga, alikuwa bwana mifugo. Hakuwa mlevi wala hakuwa mtu wa wanawake. Ingekuwa hivyo Waisiko angejua aanzie wapi. Tatizo lake lilikuwa mpira. Akitoka kazini alinyoosha moja kwa moja mpaka baa ya Felista, mtaa wa pili kutoka nyumbani, akaagiza soda moja, akaikumbatia soda hiyo mpaka mechi ya mwisho ya bara la mwisho iishe. Mtoto wao wa pekee, Erasto, alikuwa shule ya bweni Musoma. Kwa hiyo kila jioni, katika nyumba yao nzuri ya Nkende, Waisiko alikula ugali akitazamana na kabati la vyombo.

"Kama mpira ndio unamchukua," alimwambia mdogo wake Mokami kwenye simu, "basi mpira utahamia hapa."

"Fanya hivyo dada," Mokami alijibu kutoka Mugumu. "Ila jiandae. Mpira hauhami peke yake."

Waisiko hakuelewa. Alielewa baadaye.

*

Fundi aliyeitwa ni Shamsudin. Baba yake alikuja Tarime kutoka Tanga kushona kanzu, na mwana akarithi ule umakini wa sindano akauhamishia kwenye umeme. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia waya unaoning'inia. Watu wanasema aliwahi kuwa msibani, katikati ya dua, akainuka polepole kwenda kuviringisha waya wa kipaza sauti, kisha akarudi kukaa na kuitikia amina.

Aliingia sebuleni, akavua viatu, akapiga makofi mara kadhaa kila pembe huku ametega sikio. Kisha akakaa sakafuni katikati ya chumba na kufumba macho.

"Bi Waisiko, kabati la vyombo liondoke."

"Kabati hilo nilipewa na mama yangu!"

"Mungu amweke mama. Lakini mtu akikaa hapa, spika ya kulia inamwimbia yeye, na ya kushoto inaliimbia kabati."

Kabati likaenda chumbani, ambako liliziba nusu ya dirisha. Shamsudin akapaka ukuta mmoja rangi nyeupe mara tatu, akiurudia kama mtu anayepiga pasi suti ya harusi. Akafunga projekta darini, spika mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma ya kochi, na sabufa kubwa kwenye kona, akaipapasa kichwani kabla ya kuiacha. Waya zote alizipitisha ndani ya mifereji ya plastiki, na kwenye ncha ya kila waya akabandika karatasi yenye jina lake. Kwenye ukumbi mdogo akafunga kisanduku cheupe, ndani yake akaweka ruta ya intaneti na vikorokoro vyake vyote, vimepangwa kwa mistari.

"Fungua uone," alimwambia Waisiko, akakifungua mwenyewe. "Fundi mwingine angekuachia hapa kiota cha ndege."

Kisha akachukua simu ya Waisiko na kuiunganisha na mashine. "Ukiwa jikoni ukataka kwaya, bonyeza tu hapa. Simu yako ndiyo mkubwa wa nyumba. Ikianza kusema, mashine inanyamazisha mambo mengine yote na kukusikiliza wewe."

"Hilo nimelipenda," alisema Waisiko.

Nyamhanga alirudi mapema siku ile, kwa kuwa habari zilishamfikia ofisini. Alisimama mlangoni mikono nyuma, akitazama ukuta mweupe kama anakagua ng'ombe wa mnadani.

"Hii yote ya nini, Mama Erasto?"

"Yetu. Ya kukaa."

Alitaka kusema neno la mume, kwamba angeulizwa kwanza, lakini jicho lake likaangukia sabufa na neno likapotea.

"Mtandao wenu wa waifai tuupe jina gani?" aliuliza Shamsudin, kidole kikiwa juu ya simu. "Jina hili litaonekana kwa majirani pia."

Waisiko alikuwa na jina lake tayari. Alikuwa amelifikiria tangu asubuhi, Mama Erasto, kwa herufi kubwa. Kabla hajafungua mdomo, mumewe akasema, "Sinema ya Nyamhanga."

Shamsudin alimtazama Waisiko. Waisiko akaona jinsi mumewe alivyokuwa anatabasamu, tabasamu ambalo hakuwa ameliona kwa muda mrefu, akaona si kitu. Jina ni jina tu.

"Andika," alisema.

Jioni ile ya kwanza ilikuwa jioni ambayo Waisiko alikuwa ameilipia. Walitazama filamu ya wanyama. Tembo alipolia, sauti ilitoka nyuma ya kochi, na Nyamhanga akaruka na kuchungulia nyuma na tochi ya simu, ndipo akacheka mpaka akakohoa. Alikula chakula kikiwa cha moto, akaunguza ulimi, akasema alikuwa amesahau kwamba ugali huwa na moto. Alimsogezea mkewe mto mgongoni.

"Mimi hapa sitoki tena," alisema.

Na kweli hakutoka.

*

Kesho yake alikuja na Joram. Joram alikuwa fundi wa pikipiki mwenye sauti ya mtu anayeishi karibu na injini, na alikuja "kuona tu". Alivua viatu mlangoni kwa heshima, na heshima ile ikajaa nyumba nzima, ikabidi Waisiko afungue madirisha yote. Keshokutwa Joram alikuja na wenzake, na mzee Mseti, polisi mstaafu. Wiki iliyofuata, mechi ya jioni ilipoanza, Waisiko alipita sebuleni akakuta watu wamejaa mpaka mlangoni, na wengine wameketi juu ya makreti ya soda waliyokuja nayo wenyewe.

Tuseme ukweli, walikuwa watu wa adabu. Wote walimwita shemeji, na vijana walimwamkia shikamoo hata waliolingana naye umri. Lakini mwanga wa projekta ulipita katikati ya chumba, na njia ya kwenda jikoni nayo ilipita hapohapo.

"Shemeji," Joram alimwambia kwa upole mara ya kwanza kivuli chake kilipomfunika golikipa, "samahani sana, tunaomba ukipita uiname."

Waisiko akainama. Alipita katikati ya sebule yake mwenyewe, amekunja mgongo, sufuria ya uji mkononi, kama mtu anayeiba kwake. Alipofika jikoni ndipo alipojinyoosha na kujiuliza kwa nini alikuwa amekubali. Jioni ile alikwenda na kurudi akiwa ameinama kila safari, na mara ya mwisho mtu fulani gizani alisema, "Asante shemeji, sasa umeshazoea."

Mtandao nao haukubaki ndani. Nyamhanga aligawa paswedi kama mtu anayegawa karanga. Waliokosa nafasi sebuleni waliegemea ukuta wa nje, wamepangana, nyuso zao zikimulikwa na simu. Waisiko alipokwenda kutupa takataka waliinua vichwa wote kwa pamoja. "Mama, leo inasuasua kidogo," mmoja alilalamika.

Siku moja alasiri, kabla watu hawajaanza kuja, Felista mwenye baa alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyevaa aproni yenye madoa ya mchuzi.

"Mama Erasto, sikuja kwa ugomvi," alisema, akakaa. "Nimekuja kuwasalimia wateja wangu. Nimewakumbuka."

"Wachukue, dada. Leo hii. Nitakusaidia kuwabeba."

"Watarudije? TV yangu mimi ni kama sinia. Mbuzi wangu wa kuchoma anakauka, jiko linazimika. Jana nimekaa pale na paka." Felista akautazama ukuta mweupe, akazitazama spika, akahema. "Lakini Bwana Nyamhanga amejitahidi. Kununua kitu cha namna hii kwa mshahara wa serikali!"

Waisiko alikuwa anamimina chai. Akaacha.

"Nani amekwambia amenunua yeye?"

"Si anasema mwenyewe. Anasema alikwambia, 'Mama Erasto, mimi nataka nyumba yangu iwe na sinema,' wewe ukalialia kwamba unataka jiko jipya, akakataa."

Waisiko aliendelea kumimina chai mpaka ikafurika kwenye kisosi.

Jioni hakusema kitu. Alikuwa mtu wa kuweka maneno mpaka yakomae, na zaidi ya hapo, kulikuwa na wanaume wengi mno kati yake na mumewe kuweza kumfikia.

*

Siku ya mechi ya watani wa jadi ilikuwa Jumapili. Watu walianza kuingia mara baada ya ibada, wengine bado wameshika Biblia. Wekundu walikaa upande wa kulia, Wanjano upande wa kushoto, na mzee Mseti katikati, akilinda amani kwa fimbo. Nyamhanga alikaa kwenye kochi lake, mguu juu ya mguu, rimoti mkononi.

"Ongeza sauti, mwenyekiti!" Joram alipaza sauti.

"Mashine yangu haina shida na sauti," alijibu Nyamhanga, akaongeza.

Waisiko alikuwa jikoni, mlango umefungwa, anakaanga vitunguu. Kupitia mlangoni aliyasikia maneno yale mawili, *mashine yangu*, na akaona sasa yamekomaa. Alichukua simu akamrekodia Mokami sauti ndefu, akimwaga yote: makreti, viatu vya Joram, kuinama, hilo la *mashine yangu*, na habari za jiko jipya alilolililia. Akaituma. Akahisi nafuu. Akageuza vitunguu.

Baada ya muda simu ikalia. Mokami amejibu kwa sauti. Waisiko akaifuta mikono yake, akabonyeza.

Kimya. Simu ilionyesha kwamba sauti inacheza, lakini kwenye simu yenyewe hapakutoka kitu. Mafuta yalikuwa yanachachatika. Akaweka simu sikioni, hakuna. Akabonyeza kitufe cha kuongeza. Hakuna. Akaongeza tena, na tena, mpaka mwisho.

Ndipo aliposikia nyumba inaongea.

Sebuleni, mshambuliaji wa Wanjano alikuwa amebaki na kipa tu. Mtangazaji alikuwa anapanda, anapanda, halafu akakatika katikati ya neno, na mahali pake, kutoka spika zote na sabufa, ikatoka sauti ya Mokami:

"Weee dada! Ati wanakuinamisha? Ndani ya nyumba yako? Na huyo Joram mwambie miguu ile ikazikwe!"

Wanaume wote waliganda. Kwenye ukuta wachezaji waliendelea kukimbia bila sauti. Joram alirudisha miguu yake polepole chini ya kreti.

"Na huyo mume wako, ati *mashine yangu*? Mashine yake kutoka wapi? Si pesa yako ya marudio ile? Hata nauli ya kwenda Musoma kumwona Erasto ulimpa wewe, na chenji hakurudisha!"

Nyamhanga aliminya rimoti. Akaminya vitufe vyote. Mashine ilikuwa inamsikiliza mkubwa wa nyumba.

"Mwambie mimi namjua! Bwana mifugo anayeogopa ng'ombe! Si ulinisimulia mwenyewe, anawachoma sindano akiwa nje ya uzio, mkono mmoja ndani, amefumba macho? Si fahali la hapa kwetu Mugumu lilimpandisha juu ya choo, akakaa huko mpaka tukaleta ngazi? Bwana mifugo mzima, Mkurya mzima! Haya, mimi napika, msalimie."

Neno *msalimie* likatetemesha vikombe. Kisha mtangazaji akarudi akiwa amepaliwa na furaha, maana goli lilishaingia, na hakuna mtu hata mmoja mle ndani aliyeliona.

Waisiko alifungua mlango wa jikoni, simu mkononi, mwiko mkono mwingine. Watu wote walimgeukia. Kwa sekunde chache ilionekana kama watanyamaza, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini mzee Mseti, aliyekuwa mtu mzito asiyecheka hata harusini, alitoa mlio mdogo puani. Halafu bega lake likatikisika. Halafu nyumba nzima ikapasuka. Walicheka wakashikana, Wekundu na Wanjano, wakadondoka kwenye makreti. Joram alilia machozi ya kweli. Na kutoka ukutani nje, wale wa waifai ambao walikuwa wamesikia kila neno, mmoja wao akajibu kwa sauti ndefu, ya kina, ya fahali:

"Mmmmuuuuu!"

Nyamhanga aliinuka, akaweka rimoti juu ya kochi kwa uangalifu, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Wageni walitoka mmojammoja, bila kungoja mpira uishe. Kila mmoja alimuaga Waisiko kwa adabu. "Asante shemeji." "Usiku mwema shemeji," ingawa jua lilikuwa bado linawaka. Joram alibeba viatu vyake mkononi na kuvivalia barabarani.

*

"Umenichinja," Nyamhanga alisema. Alikuwa amekaa kitandani, katika ile nafasi ndogo iliyoachwa na kabati.

"Sikukusudia, Baba Erasto. Haki ya Mungu, nilidhani simu imeharibika."

"Ungekusudia ingekuwa afadhali. Ungechagua la kusema. Hili la nauli, sawa. La mashine, sawa, nilikosea. Lakini fahali!" Alishika kichwa. "Mimi kesho naingia kwenye boma la nani?"

Waisiko alikuwa amekuja chumbani na hotuba yake, iliyopangwa vizuri, kuhusu kuinama na kuhusu jiko jipya, lakini alipomwona amejikunja pale kando ya vyombo vya mama yake hotuba ikamwisha. Ile siri ya kuogopa ng'ombe mumewe alimwambia yeye peke yake, wakiwa bado wachumba, na ndiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kumpenda. Mtu anayeogopa ng'ombe na bado anaamka kila siku kwenda kuwatibu, aliona huyo ni mwanaume.

"Ningesema la kwangu mbele yako," alisema mwishowe. "Nimemwambia Mokami kwa sababu wewe huonekani. Uko hapa, lakini huonekani. Nikitaka kukwambia chumvi imekwisha, napita juu ya watu kumi."

Nyamhanga alisogea kidogo, na Waisiko akakaa.

Mambo ya mjini yalikuwa kama walivyotegemea. Bodaboda wa stendi walimlilia bwana mifugo kwa sauti za ng'ombe wa umri wote. Wazee wa boma walimwekea kiti nje ya uzio kabla hajaomba, wakiwa na nyuso za kumhurumia, na hilo lilimuumiza kuliko milio. Jioni alirudi nyumbani moja kwa moja. Hakwenda kwa Felista, hakuwasha projekta. Alikaa sebuleni akitazama ukuta mweupe ulivyo. Waisiko alikuwa amempata mume nyumbani kila jioni, sawasawa na alivyotaka, na ilikuwa kama kuishi na mgonjwa.

Felista ndiye aliyerudi, safari hii bila aproni.

"Mama Erasto, nikodishie mashine," alisema. "Walau siku za mechi kubwa. Wateja wamerudi lakini wananuna. Wameshaonja sinema, sasa wanaitazama TV yangu kama wanatazama maiti."

Waisiko alikuwa amenunua mchanga uliodharauliwa na watu wote akapata dhahabu. Alijua biashara ikimjia mlangoni. Walikubaliana kabla chai haijapoa. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amepanga. Alimwita mumewe kutoka uani.

"Baba Erasto, Felista anataka kukodi mashine. Nimemkubalia. Lakini naomba na wewe useme."

Nyamhanga alisimama akikuna shingo. Alijua wazi kwamba angeweza kusema chochote na mashine ingekwenda. "Ni yako," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na halikumuua. "Iende."

Shamsudin alipoitwa kuja kufungua, alikaa sakafuni katikati ya chumba, palepale alipokaa mwanzo.

"Bi Waisiko, waya hizi nimezilaza kama watoto."

"Utazilaza upya kwa Felista."

"Kwa Felista kuna moshi! Kuna mchuzi! Kuna waya wa friji pale umepita hewani!" Sauti yake ilipanda, kisha jambo hilo la friji likaanza kumfanyia kazi kichwani, na macho yakamng'aa. "Ngoja. Friji ile nitaianza kwanza." Akakubali, kwa sharti kwamba kile kisanduku cheupe cha ukumbini, ruta na vyote vilivyomo, hakitaguswa na mtu.

Mkokoteni ulipita Nkende mchana kweupe, sabufa juu, Shamsudin pembeni akiikinga na jua kwa mwavuli.

*

Mechi ya kwanza kwa Felista ilikuwa Jumatano jioni. Waisiko alimsukuma mumewe aende.

"Watanicheka."

"Watacheka, halafu watachoka. Nenda. Uso wako umenichosha hapa."

Alikwenda. Waisiko akalirudisha kabati mahali pake kwa msaada wa jirani, akapika dagaa, akaketi kula peke yake. Hakuwa ameshika tonge la pili mlango ulipofunguka.

"Mechi imekwisha?" aliuliza.

"Bado hata nusu." Nyamhanga alikaa mbele yake, mzito.

"Wamekulilia kama ng'ombe?"

"Afadhali wangelia." Akakuna shingo. "Felista anatoza kiingilio mlangoni. Nimetoa hela, akakataa. Akasema kwa sauti, baa nzima inasikia, 'Huyu msimtoze! Huyu ni mume wa mwenye mashine!' Nikakaa. Mtu akaingia, akauliza huyu ni nani amewekwa mbele, Joram akamwambia, mume wa mwenye mashine. Mhudumu akaniletea soda, akasema ya mume wa mwenye mashine hii hapa. Mama Erasto, mimi nina jina! Nina cheti!"

Waisiko alibana midomo. Alitazama dagaa. Alitazama dari, pale palipokuwa na projekta. Haikusaidia, kicheko kilimtoka kupitia puani, akashika meza.

"Cheka tu," alisema Nyamhanga.

"Baba Erasto, mimi tangu nimeolewa wananiita mke wa bwana mifugo. Benki, kanisani, hospitali. Hata Nyakunguru, kwenye rundo langu mwenyewe, walisema mke wa bwana mifugo ananunua matope. Nimekufa?"

Nyamhanga alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amewahi kulifikiria, akaona hana pa kulishika. Pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza.

"Soda lakini ilikuwa ya bure," alisema.

"Umeona?"

Wakacheka wote wawili. Waisiko alimsogezea sahani, naye akanawa, akamega tonge. Ugali ulikuwa wa moto.

Ndipo kutoka upande wa baa ukalipuka mlio mkubwa, mlio wa watu wote kwa pamoja, na sabufa ikafuatia chini yake mpaka vioo vya kabati vikalia. Tonge la Nyamhanga lilibaki hewani. Aliinuka nusu, akakaa. Akainuka tena.

"Tumefunga," alisema. "Au tumefungwa. Mama Erasto, ule ni mlio wa kufunga au kufungwa?"

Waisiko alikuwa ameshachukua simu. Ile ruta ya Shamsudin haikusuasua tena siku hizi, kwa kuwa paswedi Waisiko alikuwa ameibadilisha mwenyewe. Alisoma matokeo, nyusi zikapanda, akaigeuza simu na kuilaza kifudifudi mezani, kiganja juu yake.

"Nani kafunga?"

"Kula kwanza."

Alikula mbio bila kutafuna. "Nani kafunga?"

Waisiko alisukuma mbele yake sahani mbili, sufuria na mwiko.

"Nitakwambia ukimaliza kuosha vyombo."

Bwana mifugo alimtazama mkewe, akaitazama simu, akakusanya vyombo vyote kwa mkupuo mmoja na kukimbia navyo jikoni.